Riwaya Saba za Mwaka Mmoja

Perpetua alinipigia simu dukani Jumanne, saa ya watu kununua nyama ya mchana, akaniambia Karani Makokha amefariki huko Butere na atazikwa Jumamosi. Akasema, "Njuguna, kati yetu wewe ndiye ulikuwa na mdomo. Njoo useme neno kwa niaba ya watu wa vitabu." Mimi sijawahi kukataa kusema. Nimesema harusini, nimesema mbele ya mkuu wa wilaya, nimesema kwenye mikutano ya wenye mabucha mpaka mwenyekiti akaninyang'anya kipaza sauti. Nina bucha tatu. Nina nyumba ya ghorofa Kariobangi ambayo kila jiwe nililipanga kichwani kabla fundi hajaligusa, na yote haya nimeyapata kwa elimu ya darasa la nne, kwa hivyo mtu asije akanifundisha kuzungumza. Lakini siku hiyo nilimwambia Perpetua nina mgonjwa nyumbani. Sikuwa na mgonjwa. Niliweka simu chini, nikamwambia mkataji wangu aendelee na wateja, nikaingia chumba cha baridi na kusimama kati ya ng'ombe waliotundikwa mpaka masikio yakaanza kuuma. Mke wangu hajui sababu. Perpetua mwenyewe hajui, na amenifahamu tangu nikiwa na suruali moja.

Mwaka nilipomfahamu Karani nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nikikata nyama kwenye bucha ya mtu mwingine pale Soko la Burma, na kulala Jericho katika chumba nilichogawana na Onyango, kijana wa ofisini. Nilikuwa mkataji bora Burma nzima, hilo hata maadui zangu watakwambia. Nilikuwa naweza kutenga mfupa wa paja na nyama yake nikiongea na mteja, bila kuangalia kisu. Karani Makokha alikuwa akiishi nyumba ya nne kutoka kwetu, nyumba ya kanso, yaani ya baraza la mji, ya vyumba viwili, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka unaogopa kuikanyaga. Alikuwa amestaafu kazi ya ukarani wa reli. Mtu mrefu, mwembamba, anayevaa tai hata akienda kuchota maji mferejini. Mkewe, Mama Selina, alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma na binti yao, akaenda kwa kaka yake Kitale baada ya ugomvi ambao jirani wote waliusikia na hakuna aliyeuelewa. Kikombe chake kilibaki rafuni, kimefunikwa. Karani alikiosha kila Jumapili, akakifunika tena palepale.

Niliingia nyumba ile mara ya kwanza kupeleka matumbo aliyoagiza. Ilikuwa Jumapili alasiri. Nikakuta watu watatu wameizunguka meza wakigombana kama watu wanaogombania shamba: Karani mwenyewe, Perpetua aliyekuwa mpiga taipu mjini, na Kamande, mzee aliyefanya kazi ya kupanga barua posta, mwenye jino moja la dhahabu na maneno makali. Nikafikiri kumetokea wizi. Kumbe wanagombana juu ya mwanamke ambaye hayuko, yuko ndani ya kitabu. Perpetua, aliyekuwa bado anakisoma na kuwadokezea, alikuwa anasema yule mwanamke alikosea kubaki na mumewe, na Kamande anamwambia, "Wewe hujaolewa, unajua nini? Nyamaza, sista, wenye makovu waseme." Nikaweka matumbo kwenye karai, nikakaa. Hakuna aliyenifukuza. Karani alipika yale matumbo na vitunguu tu, tukala na ugali, nao wakaendelea kugombana midomo imejaa. Nilijua siku hiyohiyo kwamba nataka kuwa mtu wa meza ile. Leo nimekula na watu wakubwa, katika hoteli ambazo kitambaa cha meza kinafika magotini, na sijawahi tena kutamani meza ya watu namna ile.

Habari ya vitabu ilikuwa hivi. Mzungu mmoja aliyekuwa mkubwa wa Karani katika stoo ya reli alikuwa na desturi ya kununua riwaya mpya kila mwaka na kuzifungia katika sanduku lake, mwaka mmoja sanduku moja. Uhuru ulipokuja akafungasha, na sanduku moja likakosa nafasi, akamwachia Karani. Ndani yake mlikuwa na riwaya saba za Kiingereza, zote za mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini. Karani hakuzigusa miaka yote ya kazi. Alisema hesabu za stoo zilikuwa zinamla macho, kwa hivyo riwaya anaziwekea uzee. Kamande alikuwa hachoki kuukumbuka mwaka ule. "Mwaka huo," alikuwa akisema, akigonga meza, "mimi nilikuwa kizuizini, nachimba mtaro ambao kesho yake tunaambiwa tuufukie. Na hawa watu walikuwa wamekaa wakiandika juu ya chai na mbwa! Hebu niambie, riwaya bora ya mwaka kama huo itatoka wapi?" Karani anamjibu polepole, "Ndiyo tunaitafuta, Bwana Kamande. Pengine kuna mmoja aliyekuwa macho."

Ila Karani mwenyewe alikuwa amechelewa. Alipostaafu na kufungua sanduku, macho yalikuwa yameanza kuzima kutoka pembeni. Daktari alimwambia bila kuzungukazunguka kwamba mwaka hautaisha kabla hayajazima kabisa. Alisoma kwa kioo cha kukuzia, neno kwa neno, ukurasa mmoja asubuhi na mmoja saa kumi kama jua liko vizuri. Tukapiga hesabu: macho yaliyobaki yanatosha kitabu kimoja. Hapo ndipo alipoweka sheria. Kila mmoja wetu atachukua vitabu nyumbani, avisome, halafu Jumapili asimulie. Sufuria ya chai inawekwa jikoni msimulizi anapofungua mdomo, na maji yakichemka amefunga. Kisha tunagombana, halafu kila mtu anatia harage kwenye mkebe wa kitabu anachokitaka. Kitakachoshinda ndicho Karani atakachokisoma kwa macho yake mwenyewe, cha mwisho. Kwa kuwa kila kitabu kilikuwa kimoja tu na kimesomwa na mtu mmoja tu, ulikuwa unamwamini aliyekisoma. Sheria nzima ilisimama hapo, na kwa watu wale ilitosha, maana hawakuwa watu wa kudanganyana.

Karani akanigeukia. "Na wewe Njuguna, Kizungu kinapanda?"

"Kama maji, Karani."

Kamande akacheka, jino likamwaka. "Maji ya bomba la Jericho? Hayo huja Alhamisi tu."

Wote wakacheka, na Karani akanipa kitabu chenye jalada la buluu. Kiswahili nilikuwa nasoma, nikifuata kwa kidole. Kiingereza nilijua cha kuuza nyama: kilo, nusu, no bone. Lakini ningesemaje pale mbele ya Perpetua? Nilikipeleka chumbani, nikamwambia Onyango nitamletea maini kila jioni kama atanisomea na kunieleza kabla ya chakula. Alikubali. Kilikuwa kitabu cha fundi wa saa katika mji wa baridi. Ameacha mke wake, amepanga chumba juu ya duka la mkate, na kila wiki barua inakuja kutoka kwa yule mke. Hazifungui. Anazitia katika mkebe wa biskuti chini ya kitanda, anaendelea kutengeneza saa za watu. Mimi, ambaye sikuwa nimewahi kusikia hadithi ya kitabu kizima, nilikuwa nakata nyama Burma huku namuwaza yule mtu, namtukana kimoyomoyo, nasema fungua moja tu, mjinga wewe. Tukafika katikati. Mkebe ulikuwa umejaa mpaka kifuniko hakifungi. Siku hiyo Onyango akapewa uhamisho wa kwenda Kisumu, na Ijumaa akapanda treni na godoro lake. Nikabaki na nusu ya kitabu na zamu yangu ni Jumapili.

Kulikuwa na njia. Ningesema ukweli, wangenicheka wiki moja, basi. Ningempa Perpetua anisomee. Hata sasa, nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu njiani, natafuta ni kitu gani kilinizuia na sipati kingine ila hiki: nilikuwa nimezoea kuwa wa kwanza. Nikajiambia, mwisho wa hadithi ni kitu gani? Mimi nauza mifupa mitupu kwa maneno, na mteja anarudi kesho kununua mingine.

Jumapili ile mvua ilikuwa inanyesha, ile ya Aprili isiyo na haraka. Vitabu vinne vilikuwa vimekwisha kutupwa nje wiki za nyuma, vimebaki vitatu. Kamande alisimulia cha kwanza, cha askari waliopotea jangwani, akakisimulia kwa hasira kana kwamba aliwajua mmoja mmoja, na mwisho akasema, "Wote wanakufa. Ndiyo riwaya bora, kwa sababu haidanganyi." Perpetua akasimulia cha pili, cha mwanamke na nyumba kubwa, yule wa ugomvi wa siku ile ya matumbo. Alikisimulia vizuri, lakini maji yakamchemkia kabla hajafika mwisho, na Kamande akapiga makofi ya dharau. "Mpiga taipu gani huyu asiyemaliza ukurasa?" Perpetua akamwambia, "Mzee, mimi nilikuwa nasimulia watu. Wewe umesoma orodha ya maiti."

Halafu nikasimama mimi. Nusu ya kwanza niliisema kama Onyango alivyonieleza. Nilipofika pale mkebe umejaa, nikainua macho, nikamwona Karani amelaza kichwa upande mmoja ili anione kwa kile kipande cha jicho kilichobaki, na juu ya bega lake nikaona kikombe rafuni. Nikajua pa kwenda. Nikasema siku moja yule fundi alikaa kitandani, akazifungua barua zote, kuanzia ya kwanza, asubuhi mpaka jua likazama. Nyingine zilimtukana, nyingine zilieleza habari za kuku. Ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja tu: mlango sijaufunga. Fundi akatoka na koti lake, akatembea siku mbili, akafika nyumba yake, akapanda ngazi, akasukuma mlango kwa kidole. Ukafunguka. Hapo maji yakachemka. Nakwambia hata kama ningekuwa na saa mkononi nisingeweza kulenga vile. Perpetua alijifuta macho kwa ncha ya leso. Kamande akatia harage lake katika mkebe wangu bila kusema neno, na kwa Kamande hiyo ni hotuba.

Karani ndiye aliyesema. "Huyu alikuwa macho mwaka ule." Akachukua kitabu cha buluu mikononi mwangu, akakipapasa jalada. Halafu, kwa sauti ya chini kama anayejiambia mwenyewe, akasema atamwandikia Mama Selina. Sio sasa. Anataka afike kwanza pale penye mlango, aone yule mtu aliandikaje, maneno gani hasa, maana yeye maisha yake yote ameandika uzito na tarehe na hajui barua kama hiyo huanza vipi. Ataandika kwa mkono wake, kabla mkono haujakosa macho ya kuuongoza. "Siwezi kumtuma mtu aniandikie," akasema. "Ataujua mwandiko si wangu." Nilifurahi. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitembea kwenda Burma kesho yake nikipiga mluzi, nikifikiri nimewasaidia watu wawili kwa mpigo mmoja, na juu ya hayo nikashinda.

Karani alisoma kuanzia mvua ile mpaka baridi ya Julai. Nilikuwa napita asubuhi nikienda kazini, namkuta kwenye kiti alichokitoa nje ya mlango kufuata mwanga, kioo mkononi, pua karibu iguse karatasi. Ananiita. "Njuguna, nimefika pale anapotengeneza saa ya kanisa!" Nami naitikia, "Hapo pazuri, Karani, songa." Juu ya meza ndani alikuwa ameweka tayari karatasi na bahasha yenye anwani ya Kitale, herufi kubwa, zinateremka upande. Mwishoni mwa Julai nilipita, akaniita kwa sauti nyingine. Alikuwa amemaliza. Alisema yule fundi anakufa kitandani kwa kichomi, barua zote zimefungwa vilevile, na mwenye nyumba anazichoma kwenye jiko la mkate. "Nimeruka," akaniambia. Hakunishuku hata kidogo. Alikuwa na haya, kama mtu aliyechafua nguo mbele za watu. "Macho haya yameruka ukurasa wako. Ule wa mlango uko wapi?"

Ningesema pale. Jua lilikuwa linatoka, hakukuwa na mtu mwingine, na yeye bado alikuwa na miezi mitatu ya macho. Barua ingeandikwa asubuhi ile. Nikasema, "Pengine kurasa zimegandana, Karani. Vitabu vya zamani hugandana."

Akaamini. Akaanza upya. Mara hii alikuwa anapitisha ukucha katikati ya kila karatasi mbili, anapuliza, anapapasa, anatafuta ukurasa uliojificha ndani ya mwingine. Nilibadilisha njia ya kwenda kazini, nikawa nazunguka nyuma ya vyoo. Jumapili nikawa nasema bucha ina watu wengi. Kamande alikutana nami sokoni akaniuliza, "Kijana, unatuogopa? Au umeishiwa na vitabu?" Nikacheka. Perpetua aliniambia Karani anaulizia, na kwamba amemshauri aandike tu barua, aache kitabu, naye amemjibu, "Sitaki kumwambia mwanamke neno nusu." Kwenye simu juzi Perpetua aliniambia pia kwamba Mama Selina alikufa Kitale zamani, miaka mingi, na habari ilifika Butere baada ya matanga kwisha. Alinieleza hivyo kwa kupita tu, kama mtu anayetaja mvua.

Karani aliniita mwezi wa Novemba, Jumamosi asubuhi, kupitia jirani. Nikamkuta amekaa mezani na tai yake, uso ameuelekeza ukutani ambako hakuna kitu. Macho yalikuwa yamekwisha kuzima. Sufuria ilikuwa jikoni, na sijui ni desturi iliyomfanya aiweke au alikusudia. Mpwa wake alikuwa anakuja wiki ijayo kumchukua kwenda Butere. Bahasha ya Kitale ilikuwa palepale.

"Nisomee wewe," akasema, akanisogezea kitabu cha buluu. "Pale pa mlango tu. Nataka kusikia maneno yenyewe, halafu nijaribu kuandika kwa kupapasa."

Nilikifungua. Nilipindua kurasa chache ili asikie. Nikasema tena barua zile zinavyofunguliwa, matusi, kuku, mstari ule mmoja, koti, safari ya siku mbili, ngazi, mlango. Nilijitahidi kutoa sauti ya mtu anayesoma, ile isiyopanda wala kushuka. Nilipomaliza midomo yake ilikuwa inacheza kama anayerudia kichwani.

"Pazuri," akasema. "Soma tena, polepole. Nataka kuyashika."

Nikaanza tena. Nilikuwa nimefika katikati ya safari alipoinua mkono.

"Mara ya kwanza alitoka na koti. Sasa umesema amelisahau."

Nilipindua ukurasa mwingine.

"Na barua ya kwanza ilikuwa ya matusi. Sasa ni ya kuku." Alisema bila ukali, kama karani anayepitia orodha ya stoo na kukuta gunia halipo. "Kitabu hakibadiliki, Njuguna. Unajua kusoma?"

"Kiswahili kidogo, Karani."

"Kiingereza?"

"La."

Sufuria ilianza kunong'ona. Alinyoosha mkono mezani akapapasa mpaka akaipata ile bahasha, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. "Ule mlango uliutoa wapi?"

"Niliutunga mwenyewe."

"Kwa nini?"

Nimezungumza na watu wa kodi, na mapolisi, na wakwe, sijawahi kukosa jibu. Pale nilikuwa nalo moja tu.

"Nilitaka nishinde, Karani."

Akatikisa kichwa taratibu, kuelekea mahali alipodhani nimesimama, ingawa sikuwa hapo. "Na ulishinda," akasema. "Sasa nenda kazini. Ni Jumamosi, watu watataka nyama."

Nilikwenda. Nilivaa koti jeupe, nikanoa kisu, nikawaita wateja wa wenzangu kwa majina yao mpaka wakahamia kwangu, na jioni mwenye bucha alikuja kunishika bega, akasema tangu afungue duka lile hajawahi kuona mtu mmoja akiuza nyama nyingi hivyo kwa siku moja.